Kona inahesabiwa mara mbili

Nafundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi mkoani Tanga. Nina watoto 74 katika chumba kimoja. Mwanzoni nilikuwa nafundisha kuhesabu kwa kuitikia: mimi nasema "mbili kujumlisha tatu", wao wanajibu kwa pamoja "tanooo!" Ukipita nje ungedhani wote wanajua. Siku moja nikaandika ubaoni 6 + __ = 10, nikawasimamisha mmoja mmoja. Wa kwanza akasema 16, wa pili 16, na wa tatu naye vilevile. Wameona alama ya kujumlisha, wamejumlisha. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Nyumbani kuna bao, na pembeni yake kikapu cha komwe. Kesho yake nilibeba komwe na vifuu vya nazi. Nikawapanga wawili wawili, kila jozi komwe 10 na kifuu kimoja. Mmoja anafumba macho, mwenzake anaficha komwe kadhaa chini ya kifuu, zilizobaki zinakaa wazi. Aliyefumba macho anafumbua, anahesabu za nje, anataja zilizomo ndani. Akisema 3, kifuu kinafunuliwa, kumbe ni 4. Hakuna kalamu nyekundu hapo. Mtoto ameliona kosa lake kabla yangu, na mkono wake tayari umekwenda kuficha upya. Baada ya wiki mbili niliandika tena 6 + __ = 10, na safari hii wengi walijibu 4 bila hata kuangalia vidole.

Hapo nikapata hamu ya mafumbo makubwa zaidi. Nilijaribu tangramu, lile fumbo la Kichina la mraba uliokatwa vipande 7. Nilikata boksi kwa kukisia na vipande havikukutana. Mtoto mmoja alilia, akidhani kosa ni lake. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Sasa nakunja kwanza karatasi ya mraba, nafuata mikunjo kwa rula, ndipo nakata boksi. Fumbo likiwa na hitilafu, mtoto hajifunzi chochote isipokuwa kujidharau.

Lakini lililonishika moyo ni fumbo la pembetatu. Nilianza na vizibo vya soda, meno yake yakawachuna vidole, nikahamia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Kila kikundi cha watoto watano kina vifuniko 6 vilivyoandikwa 1 hadi 6 kwa maka peni. Unavipanga pembetatu: vitatu kwenye kona, vitatu katikati ya pande. Kila upande una vifuniko vitatu, na jumla ya kila upande lazima iwe 9.

Nilivyowapa, nilikaa kimya. Kukaa kimya ndiko kulikonisumbua kuliko yote, maana mwalimu ukiona 6 imekaa kwenye kona, ulimi unawasha. Walihamisha, wakabishana, wakajumlisha upande mmoja mara ishirini. Kikundi cha karibu na dirisha kikapata: kona 1, 2 na 3, kati ya 1 na 2 pakakaa 6, kati ya 2 na 3 pakakaa 4, kati ya 1 na 3 pakakaa 5. Nikawaambia, sasa tafuteni 12.

Binti mmoja, mpole, ambaye mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono, akachukua 4, 5 na 6 akaziweka kwenye kona zote tatu. Nikachuchumaa karibu yake. "Kwa nini umeanza na hizo?"

"Ticha, wa kwenye kona anahesabiwa mara mbili. Huku yumo, na huku yumo. Tukitaka nyingi, tuweke wakubwa."

Mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilimwomba arudie ili wenzake wasikie, akarudia kwa sauti ndogo. Siku ile ile vikundi vitatu vilipata 12, na kimoja kikapata 10 ambayo sikuwa nimewaagiza.

Mzazi mmoja alikuja akiwa na wasiwasi: "Shikamoo mwalimu. Samahani, mbona daftari la mwanangu halina kitu? Wanacheza tu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu hapo, kikundi kikimaliza, kila mtoto anachora pembetatu yake na kuandika pande zake tatu: 4 + 3 + 5 = 12, na nyingine mbili. Mama yule nilimkalisha mkekani, nikampa vifuniko. Aliondoka kengele ikiwa imeshalia.

Baadaye kikundi kimoja kiliongeza 7 na 8, kikapanga mraba, vifuniko vitatu kila upande, kikaniuliza jumla iwe ngapi. Sikujua. Usiku nilihangaika jikoni mpaka nikapata 12, kona zikiwa 1, 3, 2 na 6. Sikuwaambia. Alhamisi waliniita wenyewe. Wao walikuwa na 15, na kwenye kona walikuwa wameweka 8, 6, 7 na 3.