Tumbawe lililopauka upande mmoja

Julai 2021, katikati ya ule msimu wa baridi ambao mgeni haamini kwamba Lubumbashi iko Afrika, nilipigiwa simu kutoka mtaa wa Golf na Papa mmoja anayefuga matumbawe na samaki wa baharini kwenye tangi la kioo. "Fundi, matumbawe yanageuka meupe. Njoo leo, si kesho."

Nilikwenda na kipimajoto, kipima chumvi na kipimo cha PAR (mwanga ambao mimea na mwani vinaweza kuutumia) cha kuazima. Tangi lilikuwa la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300 kabla ya kutoa mawe na mchanga. Nilishuku baridi kwanza: delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ya usiku huzima hita, na asubuhi maji yanakuwa yameshuka vibaya. Lakini kipimajoto kilisema 25, na chumvi ilikuwa 1.025, kama ya bahari. Maji hayakuwa na kosa.

Nikainama hadi jicho langu likawa sawa na jiwe la juu. Matawi ya Acropora, tumbawe la matawi, yalikuwa meupe kama chokaa upande wa juu tu. Chini yake, penye kivuli, rangi ya kahawia ilikuwa palepale. Maji yakipata joto kupita kiasi, mara nyingi tumbawe hupauka hata penye kivuli. Likipauka pale tu taa inapopiga na maji hayana kosa, wa kushukiwa kwanza ni taa.

"Papa, taa hii umeiweka lini?"

"Wiki mbili. Ile ya zamani ilikuwa dhaifu, yote yalikuwa kahawia."

Ile ya zamani ilikuwa projekta ya LED ya uani, wati 100, ya kununua mjini. Papa hakukosea kabisa: tumbawe likikosa mwanga huongeza mwani ulio ndani ya nyama yake, nao ndio unaolifanya kahawia. Ila alihesabu wati, na wati ni umeme unaoliwa. Lumeni nazo, kipimo cha mwangaza wa balbu, zimepimwa kwa jicho la mtu, ambalo huona vizuri zaidi kijani cha karibu nanomita 555 (urefu wa wimbi la mwanga, unaotofautisha rangi). Mwani wa tumbawe unapenda buluu, kuanzia kama 420 hadi 470. Ndiyo maana programu za simu za kupima mwanga hudanganya chini ya taa ya buluu: zinaonyesha kidogo wakati tumbawe linaungua. PAR ndiyo inayohesabu mwanga wote wa nanomita 400 hadi 700, ule ambao mwani unaweza kuutumia.

Taa mpya zilikuwa mbili, za LED, kila moja wati 90, zimeletwa na mtu kutoka Johannesburg kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zilining'inia sentimita 15 tu juu ya maji. Nikashusha kihisio: 520 juu ya jiwe, 260 katikati, 110 mchangani. Acropora iliyozoea mwanga mwingi hutosheka na 200 hadi 350. Hii ilikuwa imetoka kwenye giza la projekta. Mwani ukipewa mwanga kuliko unavyoweza kutumia hutoa oksijeni yenye sumu, na tumbawe huufukuza ili lisife.

"Lakini niliweka asilimia arobaini!" Papa alisema, na alikuwa anasema kweli. Mama wa nyumba pia alikuwa ameona akiweka.

Basi nikafungua kisanduku cha kuongozea taa. Ndani mna kibetri cha mviringo cha volti 3, CR2032, kinachotunza saa na mpangilio umeme ukikatika. Kitako chake kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Taa ikiwa karibu na maji hivyo, mapovu ya pampu huirushia chumvi mchana na usiku. Kila delestaji ilifuta asilimia arobaini, na umeme uliporudi taa iliamka na mpangilio wa kiwandani: mia kwa mia. Muuzaji hakuwa amemwambia, na karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina.

Nilisugua kitako kwa mswaki na spiriti, nikaweka betri mpya, nikahamisha kisanduku ukutani. Tukazima umeme makusudi mara tatu, mpangilio haukupotea. Kisha nikapandisha taa hadi sentimita 30 na kuziacha asilimia 40. Vipimo vikawa 155 juu, 85 katikati, 40 mchangani. Nikamwachia ratiba: ongeza asilimia 5 kila wiki, simama kwenye 70. Taa ziwake kwa muda wa saa tisa kila siku, saa ya kwanza na ya mwisho buluu peke yake. Ukiona ncha zinapauka, rudi hatua moja na kaa hapo wiki mbili.

Akauliza kama aunganishe taa kwenye betri ya inveta. Hapana. Betri ya ampea-saa (Ah) 100 ya volti 12, kama hutaki kuiua, inakupa nusu tu, kama wati-saa (Wh) 600. Taa zingeimaliza kwa saa chache. Matumbawe huvumilia siku nzima ya giza. Maji yaliyosimama hayavumiliki, maana oksijeni huisha na samaki hutangulia kufa. Pampu mbili ndogo za jumla ya wati 25 ndizo tulizounganisha, nazo zinavuka usiku.

Wiki ya sita, kwenye asilimia 70, kipimo kilisoma karibu 270 juu na 150 katikati, pale Euphyllia, tumbawe lenye minyiri mirefu, ilipokuwa imefunguka kikamilifu. Matawi mengi meupe yalikuwa na nyama bado, unaona vinywa vidogo ukimulika tochi kwa ubavu, na rangi ilikuwa inapanda kutoka chini. Mawili yalikuwa yameshaota mwani wa kijani kwenye mfupa. Hayo niliyakata kwa koleo, sentimita moja ndani ya sehemu iliyo hai, na Papa akayaweka dirishani kama mapambo.