Pauni 20 kwa Kazi ya Mkono Wangu

Jana mteja amenitumia ujumbe kwamba bodi ya gari lake la rimoti niliyompigia rangi ni nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na kwamba atanilipa pauni 20 kwa sababu hiyo ni plastiki ya kuchezea tu. Tulikubaliana 90. Hasira zilinipanda, nikaona bora niandike hapa kwa Kiswahili kabla sijamjibu kwa Kiingereza.

Kwa wasiojua shughuli zangu: usiku niko ghalani hapa Coventry, na siku za mapumziko napiga rangi bodi za magari ya rimoti. Sizungumzii yale ya Kariakoo ya kununulia mtoto sikukuu. Haya ni magari ya mashindano, yana mota ya umeme au injini ndogo, na watu wazima wenye wajukuu wanapigania vikombe nayo kila wikiendi. Uingereza kuna chama cha taifa kabisa, BRCA, na vilabu kila upande. Gari lenyewe ni chasisi tupu. Juu yake inavalishwa bodi ya plastiki angavu, ambayo dukani inauzwa bila rangi hata tone. Mwenye gari anapaka mwenyewe au anatafuta fundi. Mimi ndiye fundi.

Plastiki hiyo ni polikaboneti, jamii ileile ya ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Ni nyembamba, milimita moja au pungufu, na ikigonga ukuta inajikunja kisha inarudi. Rangi haipakwi nje. Inapakwa kwa ndani. Gari likipinduka na kuburuzika kwenye lami, kinachokwaruzika ni plastiki, rangi imelala salama upande wa pili. Ule mng'ao unaowafanya watu wasimame kutazama hautoki kwenye vanishi, ni plastiki yenyewe inang'aa.

Aliyewahi kupiga rangi daladala ataelewa mara moja uzito wa jambo hili. Kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tulianza na msasa na praima, ikaja rangi kubwa, kisha mstari wa njia, kisha maandishi, na mwisho kabisa ule mstari mwembamba wa kuzungushia herufi. Mkono ukiteleza, unafuta kwa tina na kurudia. Huku kila kitu kinageuka. Mstari wa mwisho ndio unatangulia, maana rangi ya kwanza kugusa plastiki ndiyo itakayoonekana milele, na huwezi kuifunika. Herufi unaziandika kinyume, kuanzia kulia. Na tina usiithubutu kabisa, inaipasua polikaboneti nyufa nyufa.

Bodi ya bwana huyu ni Subaru Impreza, ile ya buluu na manjano ambayo dereva Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997. Aliponitajia moyo ulinidunda. Nilimweleza kwamba mashindano yale yalianza 1953, enzi za kutawazwa malkia wao, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Hakuwa na habari. Nikaifanya kazi ile kwa mapenzi, na sasa nitaeleza ilivyofanyika ili mhukumu wenyewe kama ni ya pauni 20.

Kwanza bodi inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana inatoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na alama ya kidole tu inatosha kuifanya rangi ibanduke. Inaachwa ikauke yenyewe bila kusuguliwa na kitambaa chenye manyoya. Kisha madirisha yanazibwa kwa stika, moja moja, kwa ndani, ambako vidole havifiki vizuri. Halafu unapaka mpira wa maji, dawa nzito ya kuziba, mikono kadhaa kwa brashi, hadi ukauke uwe ngozi. Juu ya ngozi hiyo unachora michoro yako na kuikata kwa kisu cha wembe. Hapo ndipo fundi anajulikana. Ukikandamiza kidogo tu unaikwaruza plastiki, na siku gari likigonga, bodi itapasuka palepale ulipopitisha kisu.

Buluu inatangulia, manjano inafuata. Rangi nzito ikija nyuma ya rangi nyepesi inapenya na kuichafua. Kwa hiyo sehemu za manjano zinabaki zimezibwa, unapuliza buluu, unabandua ngozi, unapuliza manjano, kisha nyuma yake nyeupe. Ukikosa nyeupe ukaweka nyeusi, manjano inageuka kijani cha tope. Na kila mkono ni ukungu tu, unapita haraka na kusubiri ukauke. Mwenye pupa akipiga nzito, rangi inajipenyeza chini ya kingo za mpira na mistari yote inavuja, na ikishakauka inakatika vipande bodi inapojikunja. Mwisho unabandua karatasi angavu ya nje iliyokuwa inazuia vumbi la rangi, unabandika stika za wadhamini, unakata kingo kwa mkasi uliopinda, unatoboa matundu ya nguzo zinazoishika bodi kwenye chasisi.

Kazi yote ni ya muda wa saa saba, na hapo mkono ni mwepesi. Tangu Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kwa mtu mzima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Zidisha mwenyewe: inapita 85 kabla hujanunua rangi. Kopo la rangi maalumu ya polikaboneti, tuseme zile PS za Tamiya wa Japani, lina mililita 100 tu, na gharama yake nyumbani unakula mchana siku kadhaa. Rangi ya kawaida ya gari haifai, inakauka ngumu na kubanduka magamba. Najua kuna msomaji wa Mbagala ameshageuza 90 kuwa shilingi na kushika kichwa. Kaka, usigeuze. Kodi ya chumba changu nayo hailipwi kwa shilingi.

Kinachoniuma si pesa peke yake. Huyu bwana anamlipa fundi bomba bila kubisha. Anamlipa kinyozi. Lakini mkono wangu anaupangia bei yeye, kwa kuwa ananiona ghalani nikisukuma matroli. Hajui kwamba kabla ya mabasi ya Mwendokasi kuanza Dar 2016 na daladala kuondolewa barabara ya Morogoro, mimi nilikuwa na foleni ya wenye magari wakinibembeleza. Kazi ilipopungua ndipo nilipoanza kufikiria kuondoka. Sikuja huku bila kitu. Nilikuja na ufundi.

Lakini nisiwe mchoyo wa fadhila. Mzee mmoja wa klabuni, Mwingereza mstaafu, aliniona nikitazama bodi za watu kwa muda mrefu bila kusema, akaniuliza kama ninajua rangi. Wiki iliyofuata aliniletea mkasi wake uliopinda na chupa ya mpira wa maji, na kunipa funguo za banda lake la bustani nipulizie humo, kwa sababu mwenye nyumba wangu hataki harufu. Hajawahi kuniomba senti. Msimu wa baridi hunikumbusha kuweka kopo kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kupuliza, maana baridi na unyevu wa huku vinaifanya rangi itoke na mabonge. Mzee yule namwita babu, na anaitika.

Wadogo zangu mnaoniuliza kwa inboksi kama ufundi wa mkono unalipa ughaibuni: unalipa, ila soma masharti ya viza yako kwanza. Mwenye viza ya mwanafunzi hapa Uingereza haruhusiwi kujiajiri, hata kwa kazi ndogo kama hii, na wapo waliopoteza makaratasi kwa kudhani ni jambo dogo. Mwenye ruhusa naye akiingiza zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili, ajisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya huku. Chukua nusu ya malipo kabla hujafungua kopo, na makubaliano yawe kwa maandishi. Mimi ninayo ya huyu bwana, kwenye simu, na bodi bado iko mezani kwangu. Haitoki hapa kwa 20.

Na mafundi wenzangu mlioko nyumbani, nawaomba sana: acheni kufunga kitambaa puani. Rangi za gari zinazochanganywa na hadina, ile dawa ya kuzigandisha, zina kemikali iitwayo isosayaneti, na hiyo inaweza kuleta pumu ya kudumu. Fundi aliyenifundisha mimi sasa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Tafuteni barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira, hata mkichanga watatu mnunue moja moja kwa zamu ya mwezi.

Mpwa wangu wa Temeke anataka kujifunza hii ya kupaka kwa ndani. Nimemwambia aanze na chupa za maji, azikate katikati, aandike jina lake kinyume upande wa ndani hadi likisomwa kwa nje lisionekane kuyumba. Vipande vya polikaboneti ninavyokata kwenye kingo navikusanya kwenye mfuko, kuna mtu anashuka Dar Desemba atambebea. Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo rangi tutatafuta njia nyingine. Kama kuna anayejua duka la Dar lenye rangi za polikaboneti, naomba aniandikie.