Usiongeze methanoli, punguza

Jamani wiki nzima hii nimeshinda uani kwangu hapa Makorora, Tanga, na kijiseli cha methanoli, yaani seli ndogo ya mafuta inayotoa umeme kwa methanoli, pombe isiyonyweka, kile nilichonunua mtumba mwaka jana, na nimejionea jambo ambalo nikikaa nalo peke yangu ntakuwa mchoyo. Kwa asiyeijua, seli ya mafuta haichomi kitu. Unamimina methanoli iliyochanganywa na maji upande mmoja, upande wa pili inavuta hewa, katikati kuna utando mwembamba wa kupitisha protoni, basi methanoli na maji vikigusa kichocheo vinavunjika, kila molekuli ya methanoli inaachia elektroni 6, zinapita kwenye waya zinakuzungushia feni, kinachobaki ni kabonidayoksaidi na maji. Moshi hamna, kelele za jenereta hamna.

Sasa kifeni changu kilikuwa kinajikokota. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba ongeza dawa, hiyo umeizimua mno," nami nikakubali, maana hata chai ikiwa nyepesi si unaongeza majani. Nikatia nzito. Kifeni kikasimama kabisa! Mita iliyokuwa inasoma volti 0.6 bila mzigo ikashuka mpaka 0.4.

Kumbe shida iko kwenye ule utando. Lazima ulowe maji ndo upitishe protoni, na methanoli na maji ni watu wa nyumba moja, palipo na maji nayo inapenya, inavuka mpaka upande wa hewa, ikifika kule inaungulia bure juu ya platinamu, ile metali ya kichocheo, na kuvuta volti chini. Ukizidisha makali unazidisha kinachovuka. Kipimo kinachozifaa seli kama hizi ni molari 1 hadi 2, yaani mililita 40 mpaka 80 hivi za methanoli halafu unajaza maji ifike lita moja, kidogo hivyo! Na tafadhali sana, methanoli ni sumu, inapofua macho na inaua, kwangu chupa ina maandishi makubwa na inakaa kabatini kwa kufuli, watoto hawaigusi.

Maji nayo yana habari yake. Mwanzoni nilitumia ya kisima, yale yenye chumvichumvi mnayajua, seli ikadhoofika siku hadi siku. Sodiamu na kalsiamu zinakalia nafasi za protoni ndani ya utando, na kloridi inaisumbua platinamu. Siku hizi nanunua maji ya betri pale sheli, yale yasiyo na chumvi, si asidi, basi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni joto. Methanoli ikivunjika nusunusu inaacha kaboni monoksaidi, hiyo inang'ang'ania platinamu kama kupe, ndo maana wanachanganya platinamu na metali nyingine, ruthenimu, ruthenimu inachukua oksijeni kwenye maji na kuimalizia ile kaboni monoksaidi iwe kabonidayoksaidi iondoke zake. Kazi hiyo inataka moto, seli za maabara zinaendeshwa nyuzi 60 mpaka 80. Mimi nikaanika chupa ya mchanganyiko ule mwepesi juu ya bati la banda la kuku, saa saba mchana, jua la Tanga hamhitaji kuelezwa, nilipoimimina kifeni kikabadilika mlio! Ila joto linaongeza na kuvuka kwa methanoli, kwa hiyo kama ulitia nzito usitegemee jua likuokoe.

Mapovu pia. Ile kabonidayoksaidi inajazana kwenye vijia vya mafuta, nilikuwa nimelaza seli, nikaisimamisha wima na kuigongagonga kidogo, mapovu yakapanda juu yakatoka, mwendo ukawa sawa.

Majirani wananiuliza kwa nini nisitumie pombe ya kawaida, ethanoli, minazi si tunayo. Swali zuri sana hilo. Kwenye karatasi ethanoli inatoa elektroni 12 kwa molekuli, lakini ina kaboni mbili zilizoshikana na platinamu haiwezi kuziachanisha kirahisi, basi sehemu kubwa inaishia kuwa asidi ya siki, elektroni 4 tu. Tembo la mnazi likilala siku nyingi nalo linageuka siki, njia tofauti lakini mwisho ni mmoja. Juzi nimejaza ethanoli, leo asubuhi nimenusa kilichobaki kwenye kikombe cha seli, siki tupu, na kifeni kinazunguka polepole.