Redio upepo ziwani: inua antena kwanza

Mtu akitafuta redio upepo ya kufunga kwenye boti, huuliza kwanza ina wati ngapi. Swali lenye faida ni antena itakaa juu kiasi gani. Mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio hizi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na uso wa ziwa umepinda kama dunia ilivyopinda. Pima kimo cha antena kutoka kwenye maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Jibu ni kilomita hadi upeo wa redio.

Mvuvi aliyeketi mtumbwini, redio ikiwa mita 1 juu ya maji, anapata kama kilomita 4. Mwenzake akiwa hivyohivyo, watasikilizana hadi kilomita 8 hivi. Wakiwasiliana na kituo chenye antena iliyo mita 100 juu ya ziwa, kwenye kilima cha Mwanza, inakuwa kilomita 45, yaani 41 za kituo na 4 zao. Redio ni zilezile! Hata redio ya SCR-300, iliyobebwa mgongoni na askari katika Vita Kuu ya Pili ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 14, ilifika kama kilomita 5 tu. Na ukijificha nyuma ya majabali ya Ukerewe, hata wati 25 hazikusaidii.

Kinachofuata kuua mawasiliano ni waya wa antena. Mita 10 za waya mwembamba aina ya RG-58 hula zaidi ya theluthi ya nguvu kabla haijafika juu. RG-213, ulio mnene zaidi, hula chini ya robo. Maji nayo huingilia kwenye koneka, kiungio cha waya. Kata sentimita chache za ncha ya waya uangalie shaba: ikiwa imeshakuwa nyeusi au kijani, badilisha waya wote, usihangaike kuusafisha. Koneka mpya ifunge kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, maana selotepu ya umeme huachia kwa jua.

Redio ya wati 25 huvuta ampea 5 hadi 6 unapoongea. Waya mwembamba kutoka betrini ukishusha volti, utasikia watu vizuri lakini wao hawakusikii.

Chaneli ya dharura ni 16, megahezi 156.8. Bonyeza kitufe cha kuongea, subiri sekunde moja, kisha sema: MAYDAY (wito wa kuomba kuokolewa) mara tatu, jina la chombo mara tatu, mlipo, kilichotokea, msaada mnaoutaka na idadi ya watu. Achia kitufe usikilize. Ukiendelea kukibonyeza, hutasikia jibu, na waliokuzunguka nao hawapati nafasi ya kuita.