Nilivyopata leseni ya juu ya urubani Marekani nikitokea Tanzania

Marubani wenzangu wakinipigia simu kutoka Dar, swali huwa lile lile: “Kaka, kubadilisha leseni huko ni bei gani?” Jibu langu huwakata maini. Leseni yetu ya juu, ATPL, ile ya kurusha ndege za mashirika, haibadilishwi Marekani. Inayobadilishwa ni ile ya rubani binafsi: unapeleka leseni yako ya TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, wanakupa ya kwao inayoegemea ya kwako, na ya kwako ikifa na hiyo imekufa. Inamfaa mtu anayetaka kukodi Cessna Jumapili akapunge upepo. Mimi nilikuwa na mke, watoto na kodi ya nyumba Texas.

Kwa anayetaka kazi, ATPL ya nchi mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni ruhusa ya kuingia kwenye mtihani, basi. Inakuepusha kuanzia leseni zao za chini. Mengine yote unafanya kama Mmarekani: umri usiopungua miaka 23, saa 1,500 za kuruka, kozi, mtihani wa kuandika na mtihani wa kurusha.

Nilianza na barua. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wana kitengo Oklahoma City kinachowaandikia waliokupa leseni kuuliza kama ni halali. Unajaza fomu namba 8060-71, unaambatisha leseni na cheti cha afya, kisha unajipanga kusubiri hadi siku 90. Barua ikitoka inaishi miezi 6 tu, kwa hiyo usiiombe kabla hujaona mtihani wako uko upande gani wa kalenda. Mimi nilituma taarifa TCAA mapema kwamba swali linakuja, na nikamwomba mdogo wangu apite ofisini kwao na nakala mkononi.

Kazi yenyewe, iliyokula usiku mwingi, ilikuwa kitabu cha saa, kile rubani anachoandikia kila safari. Ndani ya zile 1,500 wanataka 500 za safari za masafa, 100 za usiku, 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, 250 za ukapteni na 50 kwenye ndege za injini zaidi ya moja. Ukisikia hivyo unasema ninazo. Subiri kwanza.

Nimerusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kati ya Dar na Zanzibar kwa miaka, abiria wanashuka wengine wanapanda injini haijapoa. Kwa leseni hii, safari ya masafa ni ile inayofika zaidi ya maili 50 za baharini kutoka ulikoondokea, kwa mstari ulionyooka. Dar hadi Unguja ni kama 40. Saa hizo zinaingia kwenye jumla, zinaingia kwenye ukapteni, lakini kwenye safu ya masafa unaandika sifuri. Zilizonibeba ni Pemba, Mafia, Arusha na Seronera. Usiku nao ulikuwa na hesabu yake. Viwanja vya mbugani havina taa. Jua likielekea kuzama uwe umeshaifunga ndege. Saa zangu za usiku karibu zote zilitoka kwenye ATR, ndege ya abiria ya injini mbili, nilikokaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Caravan ilinipa ukapteni, ATR ikanipa usiku, mawingu na injini mbili. Rubani aliyekaa kwenye ndege ya aina moja tu maisha yake yote aikague kila safu kabla ya kununua tiketi.

Jambo jingine, sisi tunaandika saa na dakika, wao desimali: dakika 18 ni 0.3. Nilihamishia kila mstari kwenye kompyuta na kuongeza safu ya umbali. Kwenye usaili, kampuni iliyoniajiri ilisoma jedwali hilo kabla ya kuniuliza chochote kuhusu kurusha ndege.

Kozi inaitwa ATP-CTP, na bila cheti chake hukalii mtihani wa kuandika. Chanzo chake ni ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Ilikuwa Q400, ndege ya mapangaboi: spidi ilishuka, usukani ukatikisika kuonya, kapteni akavuta badala ya kusukuma. Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2010, na tangu Agosti 2014 kozi ni lazima: saa 30 darasani na 10 kwenye simyuleta, mashine inayoigiza ndege. Ukijilipia ni dola elfu kadhaa. Kampuni nyingi ndogo za mikoani hulipia watu wao, na ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Niliingia nikidhani ni ya kutimiza wajibu. Lakini kwenye simyuleta, juu kabisa ambako hewa ni nyembamba, mabawa yakiacha kuibeba ndege, mkono uliozoea Caravan unaona kushusha pua kidogo kunatosha. Hakutoshi. Unashusha, unavumilia, maelfu ya futi yanakwenda, ndipo unainua taratibu. Halafu somo la barafu. Barafu niliyokua naijua ni ya ubuyu. Hapa nilifundishwa dawa ya kuinyunyizia ndege kabla ya kuruka, na majedwali ya dakika ngapi inalinda mabawa theluji ikiendelea kuanguka.

Mtihani wa kuandika una maswali 125, kufaulu ni asilimia 70. Cheti cha afya cha daraja la kwanza hakikunisumbua. Kwa mafunzo ya ndege kubwa, yangu ikiwa Embraer 175, asiye raia hupitia kwanza uchunguzi wa TSA, idara yao ya usalama wa usafiri, pamoja na alama za vidole, hata kama ana grini kadi. Mtihani wa kurusha ulifanyika kwenye simyuleta, baada ya maswali ya mdomo marefu kuliko nilivyotarajia.

Redioni nilichelewa kuzoea. Wanazungumza kama wana basi la kuwahi, altimita, kipimo cha urefu wa kuruka, wanairekebisha kwa inchi za zebaki badala ya hektopaskali, na unaiweka 29.92 ukifika futi 18,000, nchi nzima.

Siku ya kufaulu unapewa karatasi ya muda ya siku 120, kisha kadi ya plastiki inakuja kwa posta. Kadi haina tarehe ya kuisha. Kinachoisha ni cheti cha afya na vipimo vya kazini. Wala haikupi haki ya kufanya kazi Marekani, na hapo ndipo wengi wanaonipigia hunyamaza. Grini kadi ilinitangulia mimi, leseni ikafuata. Asiye na karatasi za uhamiaji asilipie CTP kwanza.