Chai ya Saa Kumi na Moja

Februari 2019 nilikuwa mgeni Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nikikunja mashuka kwenye kiwanda cha kufulia. Kiingereza nilikuwa nacho, cha kufaulia mtihani. Cha pale sikuwa nacho.

Kila asubuhi msimamizi wetu, mama wa makamo, alinipita akisema, "You alright?" Nikadhani kaniona mgonjwa. Siku ya kwanza nilisimama nikamweleza: baridi imenikaza goti, usingizi wenyewe wa mang'amung'amu, ila namshukuru Mungu. Nilipofika kwenye goti yeye alikuwa keshafika mlangoni. Kumbe ndiyo "hujambo" yao. Na sisi tukiulizwa hujambo, nani hutaja jambo alilonalo?

Siku moja akaniambia, "Come round for your tea, love. Thursday, five o'clock." Hilo "love" lingenitia wasiwasi, bahati nilikwishamsikia dereva wa basi akimwita hivyo bibi kizee. Lakini chai? Mimi mtoto wa Tanga nifundishwe chai? Nikapiga hesabu: kikombe kimoja, maziwa, biskuti mbili. Nisije nikaaibika kwa kuvamia biskuti za watu, saa kumi nikasonga ugali, nikaula kwa maharage hadi nikashiba kweli.

Mlango ulipofunguliwa, harufu ya nyama ikanipokea. Mezani kulikuwa na soseji, viazi vya kuponda, njegere, mchuzi mzito wa kahawia, na kitu kama andazi lililoumuka pembeni likabonyea katikati. Wanakiita Yorkshire pudding. Nilivyofundishwa mimi, pudding ni kitamtamu. Hiki hakina sukari hata chembe, na humiminiwa mchuzi.

Nikangoja chai. Haikuja. Mume wake ndiye aliyenieleza huku akinijazia sahani: kwao huko, tea ni chakula cha jioni, na dinner huliwa mchana. Kusema nimeshiba nikashindwa. Mgeni akatae chakula, kwetu hiyo ni fedheha. Nikala. Kifungo cha suruali nilikifungua kimyakimya chini ya meza. Wakaniongeza viazi.

Usiku nikampigia mdogo wangu, yuko Dar. Nikamsimulia nilivyoitwa kunywa chai nikalishwa soseji.

"Kaka, hiyo chai."

"Ndiyo, chai."

"Nasema unanipiga chai!"

"Sasa wewe si ndiyo nakwambia, ilikuwa chai!"

Akakata simu.