Filimbi ya mdomo au spika ya rimoti kwa koyote: anza na macho yake

Koyote, mnyama wa Amerika Kaskazini wa jamii ya mbwa, akisikia kilio cha sungura, haji kichwakichwa. Masikio yake humwonyesha karibu mahali penyewe kilio kinapotoka, naye huja amekodoa macho hapohapo, huku akizunguka taratibu kuutafuta upepo ili pua ithibitishe alichosikia. Kwa hiyo mwindaji wa Marekani anayechagua kati ya filimbi ya kupuliza na spika ya rimoti, ambazo zote huiga kilio hicho ili kumwita koyote, anaamua kwanza macho hayo yaelekee wapi: kwake yeye, au kwenye kisanduku kilicho mbali naye. Bei na wingi wa sauti ni mambo ya baadaye.

Anayewinda peke yake kwenye uwanda wa wazi, kama nyika za Wyoming au magharibi mwa Texas, namshauri spika bila kusita. Iweke mita 30 hadi 50 kutoka unapokaa, kwa mshazari kuelekea upande upepo unakotoka, kisha kaa mahali ambapo eneo lililo chini ya upepo wa spika, yaani upande upepo unakoelekea, liko wazi mbele ya bunduki yako. Koyote akizunguka kunusa, apite hapo kabla hajaifikia harufu yako. Unapokwenda kuiweka na kurudi, usikatize njia unayotarajia aijie, maana nyayo zako zinabaki zikinuka.

Anza na sauti ya chini kwa dakika moja au mbili. Koyote anaweza kuwa amelala mita 100 tu kutoka hapo, na kelele ya ghafla itamtimua badala ya kumwita. Baadaye pandisha kidogokidogo, na ukisikia spika inaanza kukwaruza, rudi chini. Kilio kilichopasuka hakifanani na mnyama yeyote. Akishaonekana anakuja moja kwa moja, usibadilishe chochote. Asipoonekana kwa dakika 15 hadi 20, hama.

Kinachoharibika mara nyingi ni umeme na rimoti. Betri za kawaida za alikali hulegea haraka kwenye baridi kali, kwa hiyo tumia za lithiamu au za kuchaji, na za akiba zikae mfuko wa ndani wa jaketi. Umbali wa rimoti ulioandikwa kwenye boksi ni wa mahali pasipo na kizuizi. Spika ikilala chini nyuma ya kichaka, mawimbi hayafiki. Iinue hadi kimo cha goti, juu ya kisiki au tawi, na uijaribu kwa sauti ndogo kabisa ukiwa umeshakaa. Wengine huunganisha simu na spika ndogo ya bluetooth ili kuokoa pesa. Hiyo siipendekezi: mara nyingi muunganisho hukatika baada ya mita kumi hivi, na hapo spika imekaribia kuwa mapajani mwako, faida yote imepotea.

Filimbi ya mdomo ni nafuu mno. Ya dola 20 inafanya kazi nzuri, wakati spika yenye nguvu huvuka mamia. Lakini inadai mazoezi. Zipo za aina mbili kuu. Ile iliyofungwa ina ulimi wa chuma ndani ya bomba, nawe unapuliza tu. Ni rahisi kujifunza, ila ina sauti moja, na kwenye baridi mvuke wa pumzi huganda ndani na ulimi unanata. Iweke shingoni chini ya nguo, na ikinyamaza ikung'ute.

Ile ya wazi ndiyo ninayoithamini zaidi. Ulimi wake ni kipande chembamba cha plastiki kilicholala juu ya kibao chenye mfereji, ncha yake ikiingia mdomoni. Bana ulimi kwa midomo karibu na ncha: sehemu inayotetemeka ni fupi, na unapata mlio mwembamba wa panya au ndege. Sogeza midomo ndani hadi katikati, unapata sungura. Sogeza zaidi, sauti inazama, na kwa pumzi ndefu unaweza kubweka na kulia kama koyote mwenyewe. Puliza kutoka tumboni, si mashavuni, na ungurume kooni ili kilio kiwe na mkwaruzo. Viganja vikiuzunguka mdomo wa filimbi, vifungue na kuvifumba, sauti iende na kurudi. Lia nusu dakika hadi dakika moja, nyamaza moja au mbili. Chembe ya mchanga ikiingia chini ya ulimi, filimbi huziba au hupiga ukelele wa ajabu. Pitisha karatasi safi katikati, au ioshe kwa maji ya uvuguvugu.

Tatizo linabaki lilelile: macho yanakuja kwako, na mikono yako inacheza. Dawa yake ni mtu wa pili. Mpulizaji akae upande unakotoka upepo, mwenye bunduki akae mita 50 hivi chini ya upepo, kwenye njia ambayo koyote ataizungukia, kila mmoja akijua kwa uhakika mwenzake alipo na wapi risasi haielekezwi kamwe. Kwenye vichaka vizito, ambako koyote huchomoza hatua 20 tu na bunduki ya marisau ndiyo inayofaa, filimbi haina hasara kubwa hivyo.

Kuna sehemu moja ambapo filimbi inaishinda spika waziwazi: ardhi ya umma mwishoni mwa msimu. Koyote waliobaki hapo wameshasikia rekodi zilezile za sungura kutoka kwa watu wengi, na wamejifunza. Pumzi ya mtu haijirudii. Januari hadi Machi, wakati wa kupandana, mlio mmoja mrefu wa koyote uliopulizwa na kufuatiwa na ukimya unaweza kuwaleta wale ambao kilio cha sungura hakiwagusi tena.

Soma kanuni za jimbo lako kila mwaka, hasa kuhusu usiku na taa. Na usiibadili spika hiyohiyo kuitia bata au bata bukini: sheria ya shirikisho inakataza sauti za kurekodi kwa ndege wahamao, isipokuwa katika misimu maalumu michache, kama ile ya bata bukini weupe.

Hata ukibeba spika, filimbi ya wazi ining'inie shingoni. Koyote anayepita mbio hasimamishwi na rimoti. Kidole kinahangaika na vitufe huku yeye anayoyoma. Bweko moja fupi la filimbi, au la mdomo mtupu, humfanya asimame na kugeuza kichwa kwa sekunde mbili tatu, kwa hiyo bunduki iwe imeshakaa begani kabla hujabweka.